Pipa Lililobaki Nje

Ukibisha mlango wa Madam hukuambiwa karibu. Uliulizwa, "Nje kukoje?" na ulitakiwa kujibu. Ofisi yake katika chuo chetu pale Kakamega ilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa maktaba, kwa hivyo kila aliyekuja kumwona ndiye aliyekuwa utabiri wake wa hali ya hewa. Mwanafunzi aliyekuja kuomba muda zaidi wa kumaliza kazi alilazimika kwanza kueleza rangi ya mawingu upande wa msituni. Mkuu wa kitivo naye alikuja siku moja na jambo zito, akaulizwa, akasema hakuangalia. Madam alimwomba arudi akaangalie. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, na kwa macho yangu nilimwona mtu mzima mwenye suti amesimama kwenye ngazi, ameinua uso juu.

Hakuwa na dharau. Anayeishi Kakamega anajua kwamba mvua huja alasiri na stima huondoka nayo. Kazi ya Madam ilikuwa hesabu ndefu za kompyuta, zinazokimbia siku baada ya siku, na stima ikipotea katikati, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Zamani aliangalia mawingu, na yakija tu alitoa amri sote tuliokuwa chumba cha kompyuta tuhifadhi kazi na kuzima mashine. Baadaye aliacha hata kungoja mawingu. Ikifika saa nane mchana, mvua iwepo isiwepo, tulihifadhi tukazima, na kesho yake tuliwasha tukaendelea pale tulipoishia. Lile swali likabaki kama salamu. Hata hivyo ukilijibu ovyo alikuwa anakasirika.

Mimi nilimjua kwanza kama mwalimu, halafu kama msimamizi wa utafiti wangu wa uzamili, na mwishowe kama mtu ambaye nilikuwa na habari mbaya ya kumpelekea. Siku ya kwanza kwenda kwake nilimsalimia kama tunavyosalimiana kwetu Matungu, asalaam aleikum, ulimi ulitangulia kabla sijafikiri. Alijibu barabara, waaleikum salaam, bila kuinua kichwa, kisha akauliza nje kukoje. Yeye alikuwa Mkristo wa upande wa Kabras, mwanakwaya wa miaka mingi asiyejua kuimba. Mimi sikuwahi kumsikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza tarehe ya mtihani.

Alifundisha fizikia, na utafiti wake ulikuwa juu ya plazma. Plazma ni gesi iliyopitishwa stima mpaka ikawaka, kama ile iliyo ndani ya taa ndefu za darasani. Ya Madam iliwashwa kwa stima ya masafa ya redio, yaani stima inayogeuza mwelekeo mara mamilioni kwa sekunde moja, na huko ng'ambo huitumia kuchonga vile vipande vidogo vidogo vinavyokaa ndani ya simu. Chuoni kwetu hapakuwa na mtambo wa namna hiyo. Madam aliiga yote kwenye kompyuta: chembe za gesi, mwendo wake, na saketi ya nje, yaani nyaya na vifaa vinavyoiletea gesi hiyo stima. Mgeni mmoja alimuuliza kama haoni vibaya kumaliza maisha juu ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Alisema hata babu yake hakuwahi kumwona, lakini pua ni yake. Na kweli ilikuwa pua ya kipekee.

Neno lake kubwa lilikuwa hilo hilo la nje. Alisema wengi huhesabu gesi peke yake, kana kwamba stima inashuka kutoka mbinguni ikiwa na nguvu ile ile kila wakati. Lakini gesi ikiwaka inavuta zaidi, saketi ya nje inalemewa, nguvu inayofika inapungua, na gesi nayo inabadilika tena na kuvuta kwa namna nyingine. Lazima uhesabu yote mawili pamoja, kila moja likimngoja mwenzake. "Ukihesabu ndani bila nje," alikuwa akituambia, "umehesabu ndoto yako."

Ili tuelewe, alitupeleka Lubao, siku isiyokuwa ya soko la ng'ombe, kwenye kinu cha posho kilichopakana na duka lenye balbu moja. Kinu kikimiminiwa mahindi, balbu ya duka ilififia. Mahindi yakiisha iling'aa tena. Tukasimama pale, kundi zima la wanafunzi wa uzamili, tukiikazia macho balbu ya watu. Mwenye kinu akadhani tumetoka kwa watu wa stima kuja kumkatia. Alizima kila kitu na kutuambia kinu kimeharibika tangu mwaka jana, na kope zake bado zilikuwa nyeupe kwa unga. Madam alimshukuru kwa heshima, akatugeukia na kusema kwamba hilo nalo ni somo, nje ikijaa watu, ndani kunabadilika. Tukarudi chuoni. Sijasahau somo hilo mpaka leo, na nimelifundisha kwa balbu hiyo hiyo, ila mimi huanza kwa kumsalimia mwenye kinu.

Lakini yeye mwenyewe nje hakuwa akienda. Harusi, chai ya idara, sherehe ya kumuaga mwenzake anayestaafu, kote alituma udhuru. Mazishi ndiyo hakuyataka kabisa, na kwetu huku mtu asiyeenda mazishini husemwa mpaka uvunguni. Alinieleza sababu siku moja bila kuulizwa. Alisema mazishini watu husimama na kusema uongo mbele ya umati, na mtu haruhusiwi kusahihisha.

Na kukosea, Madam hakukosea. Aliwahi kuja kufundisha siku ya sikukuu ya taifa, akaukuta ukumbi mtupu, akaandika wanafunzi wote hawakuhudhuria, na alama zile hazikufutwa. Aliwahi kufungia ufunguo ndani ya gari lake na kutangaza kwamba gari lina kasoro. Chai ikipoa mezani kwake kwa sababu ameisahau, aliyeileta ndiye aliyeileta ikiwa baridi. Tulizoea. Tulikuwa tunamcheka kwenye korido, halafu tunaingia na kukubali kwamba chai ni baridi.

Sasa ile makala yake. Kwenye saketi ya nje kuna kifaa kinachoitwa kapasita. Sisi tulikiita pipa, kwa sababu Madam alikifundisha kwa mfano wa pipa la maji ya mvua chini ya paa: kila mzunguko wa stima unaacha tone, na pipa linajaa polepole mpaka lifike kimo chake na kutulia. Kimo hicho ndicho kila mtu anataka kukijua, maana ndicho kinachoamua chembe za gesi zitagonga kwa nguvu gani. Madam alikihesabu, akiwa peke yake, akiwa Kakamega, na jarida moja kubwa la ng'ambo likakichapisha. Kimo chake kilikuwa kidogo. Baadaye maabara moja ya huko huko ng'ambo ilikipima kwa mtambo wa kweli ikapata karibu mara mbili. Waliandika kwa adabu kumuuliza. Aliwajibu kwa adabu kwamba wakikague chombo chao. Iliendelea hivyo miaka mingi, salamu nyingi na hakuna aliyemwamini mwenzake.

Kazi zake zote zilizofuata zilisimama juu ya makala hiyo, na utafiti wangu nao. Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho kabla hajastaafu, na maombi yake ya uprofesa yalikuwa mbele ya kamati, makala hiyo ikiwa ya kwanza. Alikuwa ameuomba mara nyingine zamani akakataliwa, na hakuwahi kulitaja jambo hilo, lakini wiki zile alianza kuvaa viatu vipya. Sote idarani tulijua: makala ikisimama, anastaafu Profesa, ikianguka, anastaafu Madam.

Januari ile dada yake alifariki huko kwao. Kwa mazishi hayo alikwenda, na akakaa mpaka mambo ya matanga yakaisha. Ilikuwa kiangazi, mbingu tupu, stima haikupotea hata kidogo. Saa nane ilifika na hapakuwa na mtu wa kutoa amri, nami nikaiacha mashine ikimbie. Asubuhi nilikuta kimo cha pipa kimepita kile cha Madam. Jioni kilikuwa juu zaidi. Kikaendelea kupanda siku zile zote, mpaka kikatulia kabisa, mstari ukawa bapa kama meza, pale pale walipokuwa wakisema wale watu wa ng'ambo.

Nilidhani nimeharibu kitu. Nikaifungua programu, sehemu ile inayohifadhi kazi kabla ya kuzima, sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuigusa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Ilihifadhi kila chembe ya gesi, mahali ilipo na mwendo wake. Ilihifadhi wakati. Pipa haikulihifadhi. Kila asubuhi tulipowasha, gesi iliamka ilivyolala, na pipa lilianza tupu. Lilijaa mpaka saa nane, tukalizima, tukarudia kesho. Na kwa kuwa kila siku lilifika kimo kile kile, Madam aliona siku zinafanana, akasema limetulia. Kosa hilo haliwezi kutokea mahali ambapo watu hawaogopi mvua ya alasiri. Yule aliyetufundisha nje miaka yote alikuwa amehifadhi ndani peke yake.

Niliogopa. Kugombezwa sikukuogopa, nilishagombezwa sana. Niliogopa kwa sababu nilimpenda yule mama, na nilijua kile alichokuwa anakingoja, na mimi ndiye ningeingia mlangoni kumnyang'anya. Mwenzangu wa darasa aliniambia ninyamaze mpaka kamati ikae, ni mwezi mmoja tu, pipa limekaa tupu miaka yote litashindwaje kungoja mwezi? Lilikuwa shauri zuri. Nililibeba usiku mzima na asubuhi nikaliacha nyumbani.

"Nje kukoje?"

"Kweupe, Madam. Hakuna wingu."

"Basi kaa."

Nilimpa pole ya dada yake. Alishukuru, akasema mazishini walisema uongo mwingi, lakini mzuri. Kisha nikaweka mchoro mezani. Aliutazama, akasema nimebadilisha kitu kwenye programu. Nikamwambia sikubadilisha chochote, ila sikuzima. Alivaa miwani, akaifungua programu kwenye mashine yake mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ile ya kuhifadhi, ambayo aliiandika mimi nikiwa bado shule ya msingi. Aliisoma akifuatisha kwa kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akarudi juu akaanza tena. Chai ililetwa ikawekwa.

"Pipa tulikuwa tunaliacha," alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Kila siku."

"Kila siku, Madam."

Alichukua kikombe, akanywa kidogo, akasema chai ni baridi. Ilikuwa inatoa mvuke. Nikasema ni baridi kweli.

"Wale watu hawakukosea kupima," alisema. "Na mimi nawaambianga wakague chombo yao."

Aliniambia niende nikale. Nilitoka nikaenda choo cha wanawake, nikalia, nikanawa uso. Niliporudi kuchukua mkoba wangu alikuwa tayari anaandika kwa jarida kuomba makala iondolewe. Aliwaandikia na wale wa ng'ambo, mistari miwili: chombo chenu ni kizima, saketi yangu ndiyo ilikuwa inalala kila mchana.

Habari ilienea kabla ya magharibi. Walimu wenzake walianza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akaulizwa nje kukoje, kila mmoja akajibu, kisha akamsihi asubiri mwezi tu. Wa mwisho alikuwa mkuu wa kitivo. Safari hii alikuwa ameangalia mawingu. Alisema kwa upole kwamba kosa halitakimbia, lipo na litakuwepo hata baada ya kamati.

"Nikishapewa hiyo uprofesa," Madam alimuuliza, "nitakuwa profesa ya nini? Ya mvua?"

Maombi aliyaondoa mwenyewe kesho yake. Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje mtu asiyeweza kukiri kwamba amesahau chai akakubali jambo hili kabla kikombe hakijaisha. Labda mambo madogo yalikuwa yake, na lile kubwa aliliona ni la watu wengine. Muhula ulipoisha akastaafu. Idara ilimfanyia sherehe ya kumuaga, keki ikaagizwa, hotuba zikatolewa. Alituma udhuru.

Mimi nilianza utafiti wangu upya, na haukuwa utani. Nilimaliza, nikaendelea na masomo, na leo nafundisha katika jengo lile lile. Stima bado huondoka na mvua. Programu ni ile ile ya Madam, ila sasa inahifadhi pipa.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilikwenda kumwona kwake Kabras. Nilikuwa nimeandika makala juu ya hesabu ile iliyosahihishwa, na sikutaka kuituma kabla hajaisoma. Nyumba yake imezungukwa na miwa pande zote, na yeye nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, amepungua mwili, miguu imefunikwa kwa leso. Nilimsalimia, akajibu waaleikum salaam kama zamani, nami nikangoja lile swali. Hakuuliza. Alikuwa amekaa nje, anajionea mwenyewe.

Kwanza tulikula. Kulikuwa na obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na kabla sijanyoosha mkono aliniambia kuku amechinjwa na mwalimu wa madrasa kutoka Malava, alimtumia mtu jana, kwa hivyo nile bila wasiwasi. Kisha akaichukua firigisi, ambayo kwao ni ya mwanamume mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu na kuendelea na habari za bei ya miwa. Nikaila.

Baada ya kunawa nilimpa makala. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni mwa sweta, kumbe alikuwa bado anatembea nayo, akaanza mwanzo. Hakufika mbali.

"Hii jina yangu inafanya nini hapa mbele?"

Nikasema kazi ni yake, programu ni yake, mimi nimeongeza pipa tu.

"Kuongeza pipa ndiyo kazi," alisema, akalikata.

Akaendelea kusoma. Alirekebisha alama za vituo, akaliondoa neno moja nililolipenda, akageuza ukurasa. Kisha akasimama tena, kidole juu ya mstari mmoja.

"Umeandika hapa, tafiti za awali zilitoa kimo cha chini. Tafiti za nani?"

Nilimwambia sikutaka kumwaibisha.

"Zilikuwa nyingi?"

"Ilikuwa moja, Madam."

"Basi andika moja. Na uandike ni ya nani."

Aliona sishiki kalamu, akaandika mwenyewe. Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa za polepole kama za mtu anayejaza karatasi ya mtihani, na mbele yake mwaka wa ile makala. Alipomaliza aliyasoma tena kuona kama yanasomeka.

"Kuna mtoto mahali anasoma ile ya zamani sasa hivi," alisema. "Anapotea. Akitafuta nani alimpoteza, anipate hapa."

Mvua ilianza kule kwenye miwa, ikaja mpaka uani, na ndani ya nyumba redio ikanyamaza. Hatukuondoka barazani. Nilipoaga nilimuuliza kama naweza kumwandika mahali pengine, habari zake tu, namna alivyokuwa na sisi. Alifikiri, akasema niandike nikitaka, ila jina lake lisikae mahali pawili, maana watu wataenda penye sifa na kuliacha kosa.

Makala imetoka. Jina lake limo mara moja, katika mstari ule. Hapa nimemwita Madam.